Meneja Aliyempa Mkono Mama Mkwe

Toka Makambako mpaka Njombe hapakuwa na mtu mwingine aliyevuka bahari kwenda kusomea kuamuru watu. Ndivyo walivyoielewa kozi ya Efraimu kule kwao Lyamkena, na kwa kweli hawakukosea sana. Makerere walikuwa wamekwisha kumpa shahada. Serikali ya Tanganyika, ambayo siku hizo ilianza kuhisi kwamba huenda ikaulizwa ilikuwa ikimwandaa nani kuongoza nchi, ikamwongezea mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Uingereza, kwenye kozi ya uongozi wa biashara kwa watu waliokwisha kuhitimu.

Kule walisoma kwa visa vya makampuni. Kisa walichokaa nacho zaidi kilihusu kiwanda cha biskuti ambacho wafanyakazi wake walikuwa hawamjui mkurugenzi wao hata kwa sura. Efraimu alikiokoa kiwanda hicho mara nyingi, kwa kuandika na kwa kusema, akapewa alama nzuri. Profesa wake, mzee mwenye kikohozi, alikuwa akirudia kwamba meneja asiyeonana uso kwa uso na watu wake ni karani tu aliyepewa kiti kikubwa. Efraimu aliliamini neno hilo kama vijana wa umri wake walivyoamini mambo mengine, ya hatari zaidi.

Alirudi mwaka 1958. Baba yake, Enoki, alimpokea stendi ya Makambako, akambebea sanduku, na walipofika nyumbani akamuuliza swali alilokuwa amelitunza mwaka mzima.

"Sasa umesomea nini hasa?"

"Menejimenti, baba."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kupanga kazi ili watu waifanye vizuri."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi ndiye ninayepanga."

Enoki akaliweka sanduku chini. "Basi usimwambie mama yako," alisema. "Atataka naye alipwe."

Chama cha ushirika cha wakulima wa pareto kilimpa umeneja wa kituo chake cha ununuzi, nje kidogo ya Njombe, kwenye njia iendayo mahali paitwapo Ramadhani. Wanawake walichuma maua, wakayakausha majumbani juu ya vichanja, wakayaleta siku ya soko kwenye vikapu. Kazi ya kituo ilikuwa kuyakagua, kuyapima, kuyatia magunia na kuyapeleka ghala la Makambako. Ua lililokauka sawasawa ukilifinya hupasuka. Lisilokauka hunyamaza, na likiingia guniani huvunda na kuvundisha jirani zake.

Kulikuwa na jambo jingine lililomrudisha Efraimu kwa haraka, nalo ni Idda, mwalimu wa shule ya wasichana ya misheni. Posa ilikuwa imekubaliwa kabla hajasafiri. Idda alikuwa amemngoja, na amewakataa wengine wawili, mmoja wao mwenye lori. Baba yake Idda alikwisha kufariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, Zipora, mjane mwenye shamba kubwa la pareto kuliko yote mlimani pale. Zipora akisema mvua itanyesha, wanawake wenzake walianua nguo.

Sasa, kwa Wabena, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na lenye lazima kusemwa hupitia kwa mtu wa tatu. Wala si chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na mwanamke ambaye mkwewe humkimbia vizuri hutembea amenyoosha shingo. Efraimu aliyajua hayo tangu anachunga mbuzi. Hakuwa amesahau hata kidogo. Kosa lake halikuwa kusahau, alikuwa amefikiri.

Siku yake ya kwanza ya soko alitoa meza yake ndani akaiweka mlangoni, ili kila mwanachama amwone. Wanawake wakapita, wakasalimia, wakacheka kidogo. Kisha akatokea Zipora na kikapu kichwani. Alipomwona kijana pale alisimama mbali, akajifunika uso kwa khanga, akageukia upande wa miti ya miwati, akangoja kijana afanye linalofaa.

Efraimu akainuka. Wanawake wakadhani anaingia ndani. Badala yake akaizunguka meza, akamwendea na mkono umenyooshwa.

"Karibu, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayeokoa kiwanda. "Hapa kazini mimi ni meneja na wewe ni mwanachama wetu."

Akaushika mkono wake na kuutikisa.

Kikapu kilianguka. Zipora, mwanamke wa makamo ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akienda haraka, alikimbia. Alikata shamba la watu, akaruka mfereji, akapotea.

"Yuu! Amemshika!" alisema mmoja. "Jamani, amemshika mkwewe mkono!"

"Muulizeni," alisema mwingine, mwembamba, mwenye mdomo, aitwaye Jeni, "huko Ulaya wanaoa mtoto au wanaoa mama?"

Hakuna aliyeuza kitu siku ile. Waliokota maua ya Zipora, wakamchukulia, na ya kwao wakarudi nayo.

Jioni mshenga wake, Methusela, alifika amekunja uso. Alikataa kiti.

"Mwanangu, umenifanya nini? Mimi nimeposea watu tangu enzi za Mjerumani. Nimeposea mlevi. Nimeposea mtu mwenye jicho moja, tena nikasema ni usingizi. Hakuna aliyenirudisha nyuma namna hii."

"Nilitaka kumpa heshima yake kama mwanachama."

"Heshima! Mama wa watu hajatoka ndani. Amesema harusi hakuna."

Efraimu akakaa chini. "Hakuna kabisa?"

"Upeleke kondoo na jembe jipya la kuomba radhi. Kama atavipokea au atavikataa, hajasema. Na kabla ya hapo uonyeshe adabu. Akija kituoni, upotee."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka aseme basi."

"Atasemaje basi, mzee, na sisi hatuzungumzi?"

"Hiyo sasa," alisema Methusela, akitafuta fimbo yake, "ndiyo adhabu."

Efraimu alikwenda kwa Mchungaji Abrahamu akitumaini kwamba Ukristo ungekuwa na neno. Mchungaji alimsikiliza kwa upole, akakubali kwamba mbele za Mungu hakuna mkwe wala asiye mkwe. Efraimu akaanza kupata nguvu.

"Lakini mwenzangu," akaendelea mchungaji, "wewe hujagundua kwa nini mimi huhubiri nimeelekea madirisha ya kushoto? Mama mkwe wangu hukaa kulia."

Aliyebaki ni Idda mwenyewe. Walikutana Jumapili kwenye uzio wa shule, yeye ndani, Efraimu nje, kama watu wanaonunuliana mayai.

"Ulikuwa unamwonyesha nani?" Idda aliuliza.

"Nilifikiri..."

"Najua ulifikiri. Mama anaulizwa kisimani kama mkono wako ni laini. Anaulizwa na watoto, Efraimu."

"Tunaweza kufunga ndoa ya serikali bomani, kwa Bwana Shauri. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu. Halafu nikizaa nitamwita nani, Bwana Shauri?" Macho yake yalikuwa yamevimba, ingawa sauti haikuonyesha. "Nakutaka wewe. Lakini mama yangu simruki. Rekebisha."

Basi Efraimu akaanza kupotea. Khanga ya Zipora ikionekana kwenye kilima, meneja aliruka kutoka mezani akajificha nyuma ya ghala, kwenye magunia matupu, na kazi ya ukaguzi ikabaki kwa karani wake, Tarsis, Mkatoliki mwema kutoka upande wa misheni ya kule bondeni. Tarsis hakuwahi kumkatalia mwanamke kitu chochote, na alikuwa na watoto tisa kuthibitisha. Wanawake waliligundua jambo hili mapema kuliko chuo kikuu chochote. Mwenye maua mabichi alipita kwanza kwa Zipora.

"Mama Idda, leo huendi kituoni? Twende basi, unisindikize tu."

Zipora alisindikiza. Meneja alipotea. Tarsis alifinya maua, maua yakanyamaza, na yeye akanyamaza pia, akayatia guniani.

Mwisho wa mwezi Efraimu aliitwa ghala la Makambako. Msimamizi alimfungulia magunia ya kituo chake bila kusema neno, kwa kuwa harufu ilikuwa inasema. Yalirudishwa yote. Mzee Nahumu, mwenyekiti wa chama, alisafiri naye kurudi Njombe juu ya lori lilelile, wameketi juu ya uvundo.

"Mimi sikusoma," alisema Nahumu, "kwa hiyo nieleze. Ukikaa mbele, maua hayaji. Ukikaa nyuma, yanakuja mabovu. Sasa huko walikufundisha ukae wapi?"

Walipopita Lyamkena Efraimu aliitazama nyumba ya baba yake ikirudi nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke melini aliacha kukumbuka alivyosoma akaanza kutazama kilichokuwapo. Watu hawa hawakuwa wamekataa kusemeshana na wakwe zao. Walisemeshana kila siku, kupitia kwa mtu. Walichokataa ni kutazamana.

Kesho yake alikata matete mtoni, akasuka ukuta katikati ya chumba cha ununuzi, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Katikati aliacha tundu la kupitisha kikapu. Upande mmoja meneja na mizani, upande wa pili mwanachama. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Afisa wa Ushirika, Bwana Pelham, alipita wiki ile kwa ukaguzi. Aliukagua ukuta kwa makini, akauliza kusudi lake. Efraimu, akichagua maneno, alisema unamzuia mkaguzi asijue maua ni ya nani. Huo ulikuwa ukweli, ingawa si wote. Bwana Pelham alifurahi mno. Alimwambia kwamba hii ndiyo faida ya kusomesha watu, na kwamba atapendekeza jambo hilo katika vituo vingine. Baadaye vituo viwili vilijengewa kuta hizo, na wakulima wa huko hawakuelewa kamwe wanafichwa nini.

Siku ya soko wanawake waliingia kwa wasiwasi. Jeni alichungulia tundu.

"Kuna mtu humo?"

"Nipo."

"Uko na nguo?"

Walicheka mpaka vikapu vikatikisika, na baada ya hapo kazi ikaenda. Maua makavu yakapita, mabichi yakarudi, na hakuna aliyemwona mtu wa kumnunia.

Kisha kicheko kikakatika. Efraimu akasikia hatua nzito, kikapu kikawekwa tunduni, na sauti ambayo hakuwahi kusemeshwa nayo maishani ikasema:

"Wewe ukuta. Mwambie huyo aliye nyuma yako akague maua yangu."

Efraimu akaingiza mkono. Akafinya ua moja, halikupasuka. Akachimba chini zaidi, akafinya jingine. Nalo likanyamaza. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza vidole vyake. Alimfikiria Idda nyuma ya uzio. Alijua kwamba angeweza kukisukuma kikapu kile kwenye mizani, na watu wote wangeona ameomba radhi. Alijua pia kwamba kila kikapu kibichi mlimani pale kingefuata nyuma yake, na safari hii asingekuwa na Tarsis wa kumtupia lawama.

Akakirudisha kikapu.

Akainamia tundu. "Ukuta, mwambie mama kwamba shikamoo. Maua haya hayajakauka. Ayarudishe kichanjani siku tatu za jua."

Kikapu kikaondoka. Hatua nzito zikatoka nje, na wanawake wote nyuma yake.

Wiki hiyo Efraimu alikonda. Methusela alimpitia akamwambia kwamba sasa amemaliza, kwamba kumshika mkwe mkono ni kosa la mjinga, lakini kumrudishia maua mbele ya watu ni kosa la mtu aliyekusudia. Idda hakuleta habari yoyote, na Jumapili hakuonekana uzioni. Tarsis, kwa huruma, alimletea viazi vya kuchoma, akavila mwenyewe alipoona mwenzake havigusi.

Soko lililofuata, Zipora alikuwa wa kwanza. Hata Tarsis alikuwa hajaondoa kufuli vizuri. Nyuma yake walijaa wengine, nao hawakuwa wamekuja kuuza tu. Kikapu kiliingia tunduni. Efraimu akafinya, na ua likapasuka kama kijiti cha kiberiti. Akachota chini kabisa. Yote makavu.

"Ukuta, mwambie mama ni sawa. Daraja la kwanza."

"Najua ni la kwanza," sauti ilisema. "Sikukuuliza hilo." Akapaza sauti, isikike mpaka mlango wa nje. "Ukuta, nimeulizwa kisimani mambo mengi juu ya huyo mtu. Wamesema ameharibika huko alikokwenda. Wiki iliyopita wakaniambia, mpe maua mabichi, uone atakavyotetemeka. Nikampa. Ametetemeka, kikapu kilikuwa kinacheza. Lakini amenirudishia."

Jeni akataka kusema kitu. Akakanyagwa mguu.

"Binti yangu ana mdomo, na shamba langu ni kubwa. Mtu wa kukubali kila kitu tungemmaliza mwaka mmoja. Mwambie amtume Methusela Jumamosi. Kondoo awe mnene, maana nimeaibishwa sana. Na harusi ingoje tumalize kuchuma, siwezi kupikia wageni na pareto iko shambani."

Watu wakangoja. Nyuma ya matete, Efraimu alikuwa amesimama wima kama mtu anayesomewa hukumu, na machozi yanamtoka juu ya mizani. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba kwa adabu hakupaswa kujibu yeye.

"Amesikia," ukuta ukasema.