Marashi ya Bi Nermin

Swali lilitoka mchana mmoja wa mwezi wa pili, joto la mtaa wa Kanamkemer, Lodwar, likiwa limewafungia watu wote ndani. Tamthilia ilikuwa imefika pale ambapo mwanamke tajiri, Bi Nermin, anaingia kwenye chumba cha mgonjwa na kila mtu anageuka kumtazama. Nakaale, aliyekuwa ameketi mkekani na kuegemea ukuta, alimwuliza mumewe, "Huyu mama ananukia nini?"

Aukot alitazama televisheni. Aliona gauni, hereni, viatu vya visigino virefu. Akajibu kwamba harufu haionekani. Nakaale akasema anajua haionekani. Yanayoonekana ameshaambiwa, miezi minane anaambiwa magauni. Alitaka kujua mtu akikaa karibu na huyo mama anapata harufu gani puani.

Aukot alikuwa dereva wa lori la maji kwa miaka ishirini na sita. Alitoka Lodwar na tangi limejaa akaenda kila kijiji kilichokauka, na mwaka mmoja wa shida alifika hadi Kapedo. Alikuwa na jicho la kidereva: ungemwonyesha kipande cha taa kilichookotwa barabarani, akakuambia kimetoka kwenye gari gani. Nakaale alisuka na kuuza vikapu vya majani ya mkoma, na alijulikana sokoni kwa kutobishana bei mara mbili. Macho yake yalianza kuwasha angali msichana. Ilikuwa trakoma, ule ugonjwa unaogeuza kope zikachoma jicho, na alipofikishwa kwa madaktari makovu yalikuwa yameshatanda. Kwa miaka sita sasa aliona mwanga na kivuli, basi.

Televisheni waliletewa na mwana wao Ebei, anayefanya kazi Eldoret. Tamthilia yenyewe ilitoka Uturuki, lakini wahusika walisema Kiswahili kizuri kushinda cha mtu yeyote wa Lodwar, kwa hiyo Nakaale alifuata kisa mwenyewe. Kazi ya Aukot ilikuwa kumwambia yale ambayo midomo haisemi: nani amemtupia nani jicho, nani ameficha barua. Aliifanya kazi hiyo vizuri, na swali la harufu lilimkera kwa sababu lilimkuta hana jibu.

Siku ya tatu alipata pa kuanzia. Bi Nermin aliketi mbele ya kioo chumbani kwake, na juu ya meza palikuwa na chupa nne. Aukot alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia televisheni. Tatu zilikuwa za mapambo tu, hazikuguswa. Ya nne, Bi Nermin aliichukua, akajipulizia shingoni, akairudisha. Ilikuwa chupa ya kioo cheusi, mabega yake ya mraba, na kifuniko chake kilifanana na nati ya gurudumu. Aukot alikimbilia simu akachelewa, akapiga picha marudio yalipokuja kesho yake saa nane.

Alizunguka na picha hiyo Lodwar nzima. Wenye maduka walimwonyesha makopo ya kupuliza kwapani. Kijana mmoja wa duka la vipodozi alimwuliza kama mzee ameoa mke wa pili, na Aukot akaenda duka la pili. Mwishowe muuza dawa alimwambia kwamba kama kitu hicho kipo Turkana, kitakuwa Kakuma, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeitwa Nyibol.

Rafiki yake wa zamani alikuwa akipeleka unga Kakuma, akampakia kwenye lori. Aukot alimwambia mkewe kwamba anakwenda kusalimia madereva wenzake.

Duka la Nyibol lilikuwa la mabati, dogo, lakini harufu yake ilimpokea Aukot kutoka hatua kumi. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu wa Kidinka, wa miaka arobaini hivi, aliyefika kambini akiwa mtoto. Aliuza mafuta mazito ya manukato kwa kipimo, mbao za kujifukizia, na chupa za ng'ambo alizozipata kwa njia alizozijua yeye. Walisalimiana, "Ejok," akamkalisha kwenye debe. Aukot alieleza, akiona haya kidogo. Nyibol hakucheka. Aliivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaitazama muda mrefu, kisha akapanda juu ya kiti na kushusha chupa tupu kutoka rafu ya mwisho. Kioo cheusi, mabega ya mraba, kifuniko kama nati.

"Lakini mzee, hii si ya mama," alisema. "Hii ni ya wanaume. Hata Juba ni wanaume wa ofisi ndio wanajipaka hii."

Aukot alidhani hakusikia vizuri. Nyibol alirudia. Chupa haikuwa na kitu, ila alikuwa na mafuta yanayofanana nayo sana, akadondosha matone mawili kwenye pamba, akaifunga kwenye karatasi ya nailoni mara tatu, na akakataa kulipwa. Alitaka jambo moja tu: mama akishanusa, apigiwe simu aambiwe amesema nini. Alisema watu huja dukani kwake kila siku kutaka marashi ya fulani waliyemwona kwenye filamu, lakini hajawahi kupata mtu aliyetaka kumnusisha mwingine.

Nakaale alipofunguliwa pamba ile aliishika karibu na pua, akaiondoa, akairudisha. Ilikuwa harufu ya mbao na pilipili, na chini yake kitu kama tumbaku. Aukot alimwambia aliyoyasema Nyibol.

Nakaale aliinusa tena pamba. Halafu akasema, "Ni ya marehemu mumewe. Bado anajipaka marashi ya mumewe."

Tangu hapo tamthilia ilikuwa kitu kingine nyumbani mwao. Bi Nermin alikuwa mjane, mkali, mwenye kunyang'anya watu mashamba, na mpaka siku ile Nakaale alikuwa akimchukia. Sasa alianza kumtetea. Wakili mmoja alipomposa, Nakaale alicheka, akasema huyo anapoteza wakati wake. Aliwaeleza akina mama wa kwaya, na Jumapili baada ya ibada walikuja wanne watano kunusa ile pamba, wakarudi makwao wakiwa na huruma. Aukot alimpigia simu Nyibol akamsimulia yote. Nyibol akasema hajawahi kufikiria hivyo, na kwamba sasa naye itabidi aitazame.

Wiki mbili baadaye Aukot aliiona chupa ile nyumbani kwa daktari wa tamthilia.

Ilikuwa kwenye rafu ya bafuni, nyuma ya mswaki. Alidhani macho yamemdanganya. Lakini siku ya pili ilionekana tena, safari hii hotelini, chumbani kwa mwizi ambaye hajawahi hata kukutana na Bi Nermin. Hata mkwaruzo kwenye bega la kushoto ulikuwa uleule. Aukot alimweleza mkewe kuhusu mswaki, pazia na kitanda cha hoteli. Chupa hakuitaja.

Jioni alitoka nje akampigia Nyibol. Nyibol naye alikuwa ameiona, tena alikuwa ameiona mahali pa nne ambapo Aukot hakupaona. Alisema wale watengeneza filamu bila shaka wana katoni moja ya vitu, wanaihamisha nyumba hadi nyumba, na aliyepanga ile meza ya Bi Nermin hakujua wala kujali kama chupa ni ya mwanamume au ya mwanamke. Aukot aliuliza afanye nini. Nyibol akasema huyo mke ni wa mzee, si wake.

Aukot alikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne Nakaale mwenyewe alimwuliza kwa nini amekuwa akieleza mambo kama mtu anayeruka shimo. Aukot akamwambia yote: bafu, hoteli, mkwaruzo.

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

Nakaale alisuka mizunguko miwili ya kikapu kabla ya kusema. "Ukiona kitu, niambie. Kunihurumia sikukutuma."

Aukot alisema amesikia. Mchana ule tamthilia ilipita bila maelezo. Lakini kesho yake, muziki wa kuanza ulipolia, Nakaale alisema, "Haya, leo chupa iko wapi?"

Basi wakawa wanaifuata chupa. Iliwahi kukaa nyumbani kwa mchungaji wa mbuzi, jambo lililowachekesha wote wawili. Aukot alianza kuzijua chupa nyingine pia: moja ya bluu ambayo maji yake hayakupungua miezi mitatu, nyingine ya duara ambayo ilikuwa imejaa asubuhi, jioni nusu, na kesho yake imejaa tena. Rangi ya moja aliieleza kwa uangalifu mkubwa, na Nakaale akasema hiyo ni chai ya rangi. Ila ugunduzi mkubwa ulikuwa wa Nakaale. Alimwambia mumewe ahesabu vidole. Aukot hakuelewa mpaka msichana mmoja alipojipulizia marashi kwenye harusi: kidole kilibonyeza mara tatu, sauti ikalia mara mbili.

"Ni sauti moja tu ya kubandikwa," Nakaale alisema. "Chupa zote zinatoa ileile. Mimi nimeisikia tangu zamani, nilifikiri wewe unajua."

Tamthilia ilikwisha mwezi wa sita. Bi Nermin aliolewa na yule wakili. Nakaale aliudhika kweli, akazima televisheni kabla majina hayajamaliza kupita, na kwa wiki nzima alisema mwandishi hakumfahamu mtu wake. Aukot alimkumbusha kwamba chupa ilikuwa ya katoni. Nakaale akajibu kwamba anajua ilikuwa ya katoni, na bado mwandishi amekosea.

Kisha akasema anataka kwenda Kakuma.

Nyibol alikuwa ameziba mlango wa duka kwa leso ili wateja wasiwasumbue. Alimkalisha Nakaale kwenye kiti chenye mgongo, akampa kwanza punje za kahawa anuse ili pua isafike, kisha akaanza kufungua chupa moja baada ya nyingine. Nakaale aliwagawia wahusika wa tamthilia bila haraka. Ya waridi zito akampa wifi mchongezi. Ya limau akampa daktari. Moja tamu kupita kiasi alisema si ya mtu, ni ya pazia. Juu ya ile ya nne walibishana; Nyibol alisema ni ya bibi harusi, Nakaale alisema bibi harusi yupi, aliyependa au aliyelazimishwa. Aukot alipojaribu kutoa maoni, wote wawili walimwomba asubiri.

Baadaye Nyibol alimwuliza mwenzake wasichana wa Kiturkana wa zamani walijipaka nini siku ya ngoma. Nakaale alifikiri kidogo. Alisema mafuta ya kondoo, na ndani yake unga wa mzizi ambao mama yake aliuchimba karibu na Lowarengak, kule ziwani, ukasagwa baada ya kukaushwa kwa moshi. Nyibol alitaka kujua mzizi huo una rangi gani, unachimbwa majira gani, na kama bado upo. Nakaale alisema rangi aliiona akiwa mdogo, ni nyekundu ndani, na kama upo au haupo, hiyo hajui, ila njia ya kwenda huko mumewe anaijua.

Nje lori la unga lilipiga honi. Aukot alitoa kichwa mlangoni akamwambia rafiki yake aende tu, wao watarudi Lodwar kesho.