Kikaango cha Mtu Mwenye Kifua

Nianze na mwenye duka, maana hasira yangu ilianzia kwake na mpaka leo haijapoa. Nilimwambia wazi, nimesimama mbele ya meza yake pale Mbinga mjini, watu wanasikia: "Nataka kikaango kisichotoa moshi wala sumu. Nyumbani nina mgonjwa wa kifua." Sikumumunya maneno. Akaniteremshia kikaango cheusi kinachong'aa, kimefungwa karatasi yenye picha ya yai na maandishi ya nchi nisiyoijua. "Hiki hapa, mama yangu. Nonstiki. Hakishiki, hakitoi moshi, hakina sumu hata chembe. Mpikie hata mtoto mchanga." Nikamuuliza kama kina masharti yoyote ya moto. Akacheka, meno yote nje. "Kikaango nacho kina masharti? Si unaweka motoni tu!"

Mgonjwa wangu ni mume wangu. Alifanya kazi ya makaa ya mawe kule Ngaka, miaka ya kuponda na kupakia, anarudi nyumbani na vumbi mpaka ndani ya masikio. Alipoanza kukohoa tulisema ni baridi. Baadaye akawa hawezi kupanda kutoka kisimani bila kusimama njiani. Daktari alimpima akasema mapafu yameharibika, hayatarudi kama zamani, na kazi yetu sasa ni kuyalinda yaliyobaki: vumbi mwiko, moshi mwiko. Moshi! Kamwambie hivyo mwanamke anayepikia kuni na mkaa. Lakini mimi niliapa kwamba jikoni kwangu hakitatoka kitu cha kummaliza baba watoto.

Kuni nikaziacha, nikabaki na jiko la mkaa ninaloliwasha nje mpaka likolee ndipo niliingize ndani. Kikaango changu cha zamani nacho nikakitoa. Kilikuwa cha kusubu, vile vinavyoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, na kila nikikaanga, mafuta yanaungua upande mmoja na upande wa pili yai bado bichi. Niliwahi kumuuliza fundi aliyekitengeneza amechanganya nini humo. "Mabaki ya injini, mama, na vitu vingine." Vitu vingine! Mtu anakuuzia chombo cha chakula, halafu anakwambia vitu vingine, na wala hashtuki.

Basi nikawa na kile cheusi. Siwezi kusema uongo, mwanzoni kilinifurahisha. Moto mdogo, mafuta kidogo, yai linateleza lenyewe. Mume wangu alikuwa anakaa jikoni kwa sababu ya joto, pembeni ya kapu la vifaranga wangu ambao nao nilikuwa nawaficha baridi. Akawa ananitania: "Siku hizi tunakula kama wakubwa wa wilaya." Nami nikamjibu kwamba wakubwa wa wilaya hawaoshi vyombo. Tulicheka, na alicheka bila kukohoa sana.

Kisha akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Liuli, kuja kumuuguza mdogo wake ili mimi nipate nafasi ya kupalilia. Alikuja na mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani. Ni mwanamke mwema, sina neno naye. Lakini kwao ziwani usipa wakavu wanakaangwa bila mafuta, juu ya kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Kigae kinawekwa motoni kitupu na kuachwa, mpaka ukidondoshea tone la maji linaruka. Hapo ndipo unamwaga usipa. Asiyefanya hivyo anaonekana hakufundwa. Kwangu hakuna kigae. Wifi akachukua kile kikaango cheusi.

Nilikuwa narudi shambani. Harufu niliikuta kabla sijafika uani, harufu kali ya kitu kilichoungua ambacho si chakula, inayochoma pua na kushika koo. Mume wangu alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi haziingii. Wifi anampepea kwa kanga na kulia. Yesu na Maria! Nilitupa jembe, nikamkokota mpaka mbali kabisa na nyumba, nikamkalisha na kumshika mgongo. Ilichukua muda mrefu mno pumzi kumrudia. Niliporudi kufungua madirisha nikakuta vifaranga wote wamekufa kapuni, shingo wamezinyoosha.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimepasha kikaango tu, wifi yangu. Usipa bado hata sijawaweka."

Nikaangalia jikoni. Lile jiko halikuwa na mkaa wetu wa miti. Lilikuwa limejaa mabonge ya makaa ya mawe, yamekolea mekundu kweli kweli, moto wa kufulia vyuma. Watu wa huku kandokando ya barabara ya Ngaka wanayaokota pale kwenye mwinuko malori yanapoyadondosha, lakini kwangu nilikuwa nimeyapiga marufuku. Nikamuuliza wifi ameyatoa wapi. Akainamisha kichwa, akaanza kukunja mfuko wake wa usipa. Nami nikaona ananidharau, nikampa maneno ambayo mtu hampi wifi yake mkubwa.

Kesho yake nilikwenda Mbinga. Nilikiweka kikaango juu ya meza ya mwenye duka, kimebabuka, na pembeni yake nikaweka kifaranga mmoja kwenye karatasi. Wateja wakasogea nyuma. "Hata chembe, ulisema. Haya, mwambie huyu." Hakuona haya yule bwana! Akachukua kikaango kingine kama kile, akageuza karatasi yake, akanionyesha kijipicha cha mwali mdogo, saizi ya punje ya mchele. "Imeandikwa hapa, mama. Moto mdogo. Wewe umezidisha, mpako wake umeungua ukatoa hewa mbaya." Imeandikwa kwa lugha ya nani? Nilikuuliza masharti ukanicheka, leo masharti umeyapata wapi? Nikawa mbogo. Halafu ananiletea kingine cha rangi ya kijivu, eti hiki sasa ndicho salama, ni cha mawe. Niliondoka kabla sijampiga nacho.

Nikaenda kwa akina mama wanaouza chapati karibu na stendi, nikauliza wao wananunua wapi. Wakanielekeza kwa fundi wao. Nikanunua kikaango cha chuma kitupu, kizito, hakina rangi wala hakikupakwa kitu cha kubanduka. Unakisugua, unakipaka mafuta, unakitunza. Njia nzima nilikuwa nimekipakata huku nanung'unika peke yangu.

Nilipofika nyumbani nikamkabili wifi. "Mwenye duka kasema moto ulizidi. Nataka kujua, nani kaleta makaa yale hapa kwangu?"

"Mwache dada yangu," mume wangu akasema kutoka kitandani. "Nimeokota mimi. Nikamwomba ayawashe, nikamwambia asikwambie."

Yeye! Mtu asiyeweza kupanda kutoka kisimani alikuwa anakwenda mpaka kwenye mwinuko, katikati ya vumbi la malori, nikiwa shambani, anaokota bonge moja moja. Nikamuuliza kama amechoka kuishi aniambie, niache kuhangaika.

Alisubiri pumzi zimtoshe kusema.

"Yale makaa nimeyatoa ardhini kwa mapafu haya," akasema. "Yote yalipanda malori yakaenda. Hata siku moja sikuwahi kuota moto wake. Nilikuwa nasikia baridi, mama. Nikataka niote."

Wifi akajifunika uso kwa kanga. Nilitoka nje na kile chuma mkononi, nikalia kwa hasira kama sijawahi kulia, hasira ya makaa, na ya duka, na ya wote wanaoota moto huko yalikopelekwa.

Jikoni haingii tena. Nampikia mayai kwenye chuma, moto wa taratibu, mlango wazi, yeye anakaa nje kwenye kiti, amejifunika blanketi. Upepo ukigeuka, naepua kila kitu, natoka kumhamisha kiti.