Kompyuta ya Winfrida na Uso wa Marcelina

Winfrida alijifunza kupiga chapa kwa mashine ya chuma katika ofisi ya parokia. Ofisi ilipopata kompyuta, akajifunza kompyuta. Ofisi ilipoichoka, ikampa yeye. Akaiweka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake pale Rusimbi, na kioo chake chenye kisogo kirefu, akawa anaifunika kanga kila anapofunga kazi. Kwa miaka mingi iliandika barua za wachuuzi wa Katonga na mikataba ya mashamba ya Simbo.

"Mama Winfrida, hiyo ipeleke makumbusho," vijana walimtania.

"Nitaipeleka siku mtakayoweza kuomba kazi bila kuja kwangu kuandikiwa barua."

Mwaka 2018 akaja Marcelina, mkimbizi wa Burundi, na karatasi mbili mkononi. Moja ilikuwa kibali cha kutoka kambini, kinachokwisha siku hiyohiyo. Nyingine ilitoka ofisi moja ya nje, inayowakutanisha wazazi na watoto waliopotezana. Walipokimbia mwaka 2015, binti yake Ritha, wa miaka mitano, alipandishwa mtumbwi mwingine katika msukumano. Sasa alikuwa Uvira, ng'ambo ya ziwa, akilelewa na masista. Karatasi ilisema mama atahojiwa kwa video siku hiyo saa nane mchana, uso uonekane. Asipoonekana, mtoto atatafutiwa familia nyingine.

Ahojiwe kutoka wapi? "Tafuta mahali penye mtandao." Basi. Mtu aliyevuka ziwa bila hata ndoo ya maji anaambiwa atafute, kama vile mtandao ni kuni. Duka la intaneti la mjini alilikuta limefungwa. Huko ndiko alikoelekezwa kwa Winfrida.

Winfrida akawasha, akachomeka modemu ya mtandao na kamera ndogo juu ya kioo. Programu ya video ikakataa: toleo jipya haliingii kwenye kompyuta ya zamani, na toleo la zamani limeshazimwa na wenyewe.

"Mashine inapumua, wao wameshaizika!" Winfrida alifoka. "Mwanangu, kaa hapo. Leo itafanya kazi."

Akafungua ubavu wa kompyuta, akaielekezea feni pekee iliyokuwa chumbani, wao wakabaki na jasho lao. Akafunga kila kitu kilichokuwa wazi, akapitia kwenye ukurasa wa mtandao badala ya programu. Picha ikapita, sauti ikakwama. Akazima sauti, akamwandikia afisa wa ile ofisi ya nje apige kwenye simu yake ya kitochi: macho yapite kwenye kompyuta, masikio kwenye simu. Saa nane na robo simu ikaita, Winfrida akaiweka spika ili wote wasikie.

Marcelina aliketi wima mbele ya kamera, mikono mapajani, macho chini, kama alivyofunzwa na mama yake kuketi mbele ya mkubwa. Akajibu jina lake. Akajibu kijiji chake. Hakutikisika.

"Mama, picha yenu imeganda," afisa alisema kwa Kiswahili cha kujifunza. "Nitaandika kwamba mama wa mtoto hakuonekana."

Winfrida akanyakua simu. "Uandike nini? Subiri!" Akapitisha rula mbele ya kamera, juu, chini. "Unaona nini?"

"Naona... rula. Inaruka-ruka."

"Basi mashine haijaganda. Aliyetulia ni mtu."

"Mbona haniangalii?"

"Wewe ndiye unayempa au kumnyima mtoto. Kwao mtu kama wewe hakodolewi macho. Anakuheshimu, nawe unataka kumfuta kwa hiyo heshima!"

"Fomu inataka uso, mama. Sikuitunga mimi."

Winfrida akaweka rula chini. Sauti yake ikashuka. "Marcelina, inua macho. Siyo yeye unayemwangalia. Angalia hapa juu, kwenye hiki kitundu. Jifanye Ritha yuko nyuma yake."

Ilimchukua muda. Kumwagiza mwanamke mzima avunje adabu ya mama yake ili aaminiwe kuwa mama! Fomu ile haikuwa na mstari wa kuandika hilo. Hatimaye akainua macho, makavu, na taya imekaza.

"Mtoto ana alama gani?" afisa akauliza.

"Nyuma ya sikio la kushoto. Uji ulimrukia. Mimi ndiye niliyekuwa nakoroga."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Sikio la kushoto," afisa akasema taratibu. "Ndiyo. Ipo. Nampitisha mama. Masista wataarifiwa leo."

Feni ikapunguza mwendo, umeme ukayumba kisha ukarudi, na kwenye kioo uso wa Marcelina ukabaki palepale, macho juu.

"Sasa imeganda kweli," afisa alisema.

"Iache igande," Winfrida akajibu. "Umeshamwona."

Akakata simu. Marcelina alikuwa ameinamisha kichwa tena, akikunja kibali chake, maana gari la kambini lilikuwa halimsubiri mtu. Jioni ile Winfrida hakuifunika kompyuta; uso wa Marcelina ulikuwa bado kwenye kioo.