Kamba ya Katani Hadi Kiboko

Niliondoka Kanyangi kwenda kumchukua mtoto wangu. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikwenda kuomba.

Ilikuwa mwaka uliofuata mvua za Elinino. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea, akakuta nimefunga kamba ya katani yenye mafundo kutoka mlangoni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi chooni. Kesho yake alirudi kwake Kiboko na Mumbua, binti yangu wa miaka mitano. Aliacha barua: kamba ile ni uchawi, na mtoto wa marehemu mwanawe hatalelewa na mchawi.

Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa, na jua likizama macho yangu nayo hufunga kazi. Daktari wa macho alinieleza kwa kuandika. Ndani ya chembe za sikio na jicho mna wachukuzi wadogo wa protini, wanaotembea juu ya nyuzi wakibeba mizigo. Mchukuzi wa aina moja mwilini mwangu ana kasoro. Kwa hiyo vinywele vya ndani ya masikio havikupangika sawa tangu tumboni. Na machoni mizigo haifiki inavyotakiwa, hivyo chembe za kuonea gizani zinakufa kwanza. Nilimwuliza ni nani aliyenifanyia hivyo. Akaandika: "Hakuna mtu." Karatasi hiyo naitunza kuliko kitambulisho.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la ndengu. Dereva alichukua daftari langu, akaandika: "Mama, kiziwi hawezi safiri peke yake."

Nikaandika chini yake: "Huyu anasafiri. Endesha."

Alicheka, akanipa kiti cha mbele.

Saa tano tulivuka Mto Athi, maji bado mengi na rangi ya chai ya maziwa. Mbele kidogo gurudumu likapasuka. Wanaume walifanya kazi polepole, na mimi nikawa nalitazama jua kwa hasira. Nikifika gizani ningejikwaa mlangoni mwa mama mkwe, naye angepata ushahidi wake. Nilishika jeki mwenyewe.

Saa tisa tulifika Kibwezi, nikapata basi. Saa kumi na moja kasoro nilishuka Kiboko, nikapita kituo cha utafiti wa kilimo nikienda nusu mbio.

Mumbua alinirukia, akaniambia kwa mikono: umechelewa. Mama mkwe, kiongozi wa akina mama kanisani, hakunipa kiti. Nilimpa karatasi ya daktari. Aliisoma mara mbili, kisha akaandika: "Hii ni maneno ya hospitali. Mimi niliona hiyo kamba na macho yangu."

"Mwaitu," niliandika, maana bado ni mama yangu, "nipe katani."

Alikuwa nayo tele, ya kusukia vyondo. Nilisokota kamba, nikaifunga kutoka mlangoni hadi jikoni. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikampa.

"Jifunge macho uende jikoni. Kama mimi ni mchawi, Mungu wako atakulinda."

Alinitazama vibaya, lakini alijifunga. Alitembea hatua kwa hatua, mkono juu ya kamba. Karibu na jikoni kuna ngazi moja ya jiwe. Vidole vyake vikakuta fundo, akasimama, akapapasa kwa mguu, akapanda. Alipofika ukutani alivua kitambaa, akarudi kulipapasa lile fundo.

Kisha akaandika: "Hizo mafundo ni za ngazi?"

"Ni za ngazi."

"Na mimi nikaambia kanisa yote ni za kuloga."

Alinipa kiti.

Asubuhi alitusindikiza hadi barabarani akiwa na furushi kubwa la katani. Katika daftari aliandika: "Ongeza ifike kisimani. Jumapili nitawaambia vile niliona."

Tulifika Kanyangi jioni, Mumbua akinishika mkono. Nilichojifunza ni hiki: kosa langu halikuwa kamba. Ile ya kwanza niliifunga kwa kujificha, kwa aibu, majirani wakiwa shambani. Hii mpya niliifunga kesho yake saa sita mchana, nikawaita waje wanishikie ncha.