Katoni ya Mama wa Parokia

Ijumaa, hapa Likasi, mji wa migodi, kwenye gishe, dirisha la mizigo ya basi la Lubumbashi, mama mmoja mwenye kitenge cha parokia alikuja kuchukua katoni. Mzee aliyekuwa nyuma yake akavua kofia, akidhani ni Biblia. Karani akaifungua mbele yetu, kama kawaida. Vitabu vipya, na kwenye kila jalada askari wanapigana kati ya nyota.

"Mama, hii yote ni ya weye?" karani akauliza.

"Yangu yote. Na ku nyumba niko na kabati muzima."

"Kule ku nyota banapigania nini?" mzee akauliza.

"Madini, papa."

"Kumbe ni kwetu!"

Foleni nzima ikacheka. Mama akainua kidevu. "Ni kwetu, ndiyo. Lakini mu hii vita, bachimbaji ndio banashinda."

Mzee alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake. Akaivua tena, safari hii kwa makusudi.

Mimi sina kofia, basi nikaomba kuazima kitabu kimoja. Mama akaitazama mikono yangu michafu, akafunga katoni.

"Kitabu mupya haitokake kwangu. Utakuya kusomea pale ku nyumba."

Nitakwenda. Nimekwisha kunawa.