Siku Nilipomwambia Arudi Uwanjani

Wateja wanaokuja kusuka kwangu hapa mtaa wa Yeoville hudhani mdogo wangu alikuwa akicheza raga. Nimechoka kuwaeleza. Ni ule mpira wa Wamarekani, wa kofia ngumu zenye vyuma usoni, na yeye kazi yake haikuwa hata kuushika mpira. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kugongana na jitu la upande wa pili, tena na tena, mpaka mechi iishe. Ndiyo iliyokuwa ajira yake kwa misimu sita.

Mimi ndiye niliyemlea kabla shangazi hajamchukua kwenda Marekani, kwa hiyo hakufanya jambo kubwa bila kuniuliza. Ananiita yaya, kama kwetu Lubumbashi tunavyomwita dada mkubwa. Siku moja akanipigia simu, nikiwa na mteja kitini. Alikuwa amegongwa kichwa mara ya tatu msimu ule, mwanga ulikuwa unamuumiza macho, na jina la jirani yake lilikuwa limempotea.

"Yaya, daktari anasema niache kabisa. Kocha ananingoja. Wewe unasemaje?"

Jamani, ningesema acha, basi, yangeisha. Lakini kanisani kwetu, mtaa wa La Rochelle, sikuwa tena msusi tu. Nilikuwa dada wa mchezaji. Mama mchungaji alikuwa ananisalimia kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeizoea heshima ile, nisidanganye. Nikamwambia, "Madaktari wanapenda kutisha watu. Rudi, sisi tutafunga na kuomba." Na kweli tulifunga siku tatu, akina mama wote, hata wenye sukari. Akarudi uwanjani, akacheza msimu ule na mwingine mmoja.

Mwaka huu amekuja kunitembelea. Mabega yake yanajaza mlango wa saluni, na miwani ya jua haivui hata ndani. Nikimtuma mkate kwenye spaza, kiduka cha kona, anarudi mikono mitupu kuniuliza nilimtuma nini. Juzi alimfokea mteja wangu kwa ajili ya kelele za mashine ya kukaushia nywele, kisha akakaa chini akalia kama mtoto, akiomba radhi. Eish, nilijifungia chooni nikajichukia.

Jumapili sikutaka kwenda naye kanisani. Nikasingizia kwamba kuna makelele, yatamuumiza. Akang'ang'ania. Tulipofika, mama mchungaji akamwita mbele, watu wakapiga makofi, akakabidhiwa maikrofoni. Alisimama akitafuta maneno.

"Nawashukuru mlioniombea," akasema. "Mimi nilikuwa nimeogopa. Nilitaka kuacha. Yaya wangu yule pale ndiye aliyenitia moyo."

Kanisa zima likasema amina, likanigeukia kwa vigelegele, na ikabidi nisimame wanione.