Kilo Alizopunguza Papa Chabani

Papa Chabani wa mtaa wetu wa Mapendo, hapa Goma, ni mtu wa kilo karibu mia moja. Ninaanza hapo kwa sababu yeye mwenyewe hakuanza hapo. Siku alipoamua kwamba gari yake ni nzito, alichunguza kila kitu kilichomo ndani isipokuwa dereva.

Gari yenyewe ni ndogo, ya milango mitatu, na zamani ilikuwa nyeupe. Inalala katika kiwanja chetu, na sisi wapangaji tunapita ubavu ubavu ili tusiiguse. Wazee wa Papa Chabani walitoka Kasongo kwa biashara. Yeye alishika usukani tangu mwaka wa wakimbizi wengi, ule wa tisini na nne, na hajauachia. "Vita yote ya Goma ilinikuta niko naendesha," husema, kama vile vita vilikuja kumwangalia yeye.

Kazi iliyokuwa ikipika chungu chake ilikuwa moja: kumpeleka Mama Kahindo, mama wa Butembo anayeuza viazi, hadi Kibumba na kumrudisha na magunia yake. Abiria wa mjini walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na pikipiki. Sasa, kurudi kutoka Kibumba ni kushuka, na kwa kushuka hata jiwe ni gari. Kwenda ni kupanda. Kila ikipita Munigi, pale mji unapoishia, gari ilianza kukohoa, na siku moja ikapitwa na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na injini. Vijana wawili walikuwa wanaisukuma, jasho linawatoka. Walipofika kwenye dirisha wakasalimia kwa adabu.

"Jambo, papa. Tukusukume na weye?"

Mama Kahindo hakucheka. Aliwaacha wafike juu, akasema, "Papa Chabani, mi nakuheshimu. Lakini nikipitwa na mbao mara ingine, nitafanya kazi na mbao."

"Mama, ni hewa ya huku juu. Njo inachokesha injini."

"Bale batoto nao banavuta ile ile hewa."

Papa Chabani alirudi nyumbani hana hamu ya kula, jambo ambalo kwa mwili ule ni habari. Mtoto wake Idriss, kwa kumtuliza, akamwonyesha video kwenye simu. Mzungu, katika gereji safi kama kliniki, anatoa batri kubwa ya gari, anaweka ndogo nyepesi, halafu anaipigapiga gari mgongoni kama mtoto aliyefaulu mtihani. Gari ikaruka. Papa Chabani aliitazama ile video mpaka simu ikazimika. Hakujiuliza kama yule mzungu anapanda Kibumba na magunia.

Asubuhi akaenda kwa Achille, fundi wa Katindo, ambaye hajawahi kukataa wazo la mteja. Achille akamtafutia batri ya pikipiki. Ni kitu unachobeba kwa mkono mmoja huku mkono mwingine unakula ndizi.

"Hii itawasha gari yangu?"

"Itawasha, papa. Kama injini iko na moto."

"Na kama iko baridi?"

"Kama iko baridi, Goma haikosi watu wa kusukuma."

Hapo Achille hakusema uongo. Miezi ile vita vilikuwa vimerudi Rutshuru, mbele ya Kibumba, na mji ulikuwa umejaa watu waliofika kwa miguu, vyombo vyao kichwani.

Baada ya batri, Papa Chabani akawa ameonja utamu wa kupunguza, likafuata gurudumu la akiba. Ikafuata jeki, kisha kiti cha nyuma, kisha mazulia. Vyote vilishuka garini na kuingia nyumbani. Mwanaheri, mke wake, alipokosa mahali pa kuweka sufuria, akamwita.

"Papa Idriss, hizi kilo hazikuisha. Zimehamia kwangu."

"Ni za muda tu."

"Na ile kubwa yenye inabaki mule ndani, utaitoa lini?"

"Kubwa gani?"

Mwanaheri alimtazama tumbo, akaendelea kusonga bugali.

Siku ya kujaribu ikafika. Mama Kahindo alifunguliwa boneti, akaonyeshwa ile batri, akaelezwa kwamba peke yake imeokoa kilo kumi na zaidi. Alifurahi kweli.

"Basi kama imepungua, tutie na ile chumvi ya dada yangu. Anaingojea kule Kibumba. Na sabuni kidogo."

Papa Chabani akapakia. Utamwambia nini mama ambaye ndiye kazi yako? Kilo alizotoa kwa jasho zilirudi kwa dakika moja, na zilikuja na jamaa zao. Mimi niliomba kupanda nao, nikaambiwa watu wasio na lazima wamekatazwa. Kwa hiyo yaliyotokea huko nimeyapata kwa Mama Kahindo mwenyewe, aliyeyasimulia akiwa amekaa mlangoni petu.

Gari ilipanda. Munigi ikapita, Kibati ikapita. Papa Chabani alikuwa ameinama mbele juu ya usukani kama mtu anayesukuma ng'ombe, na alimkataza Mama Kahindo kuegemea nyuma. Hakuna aliyewapita. Walipobakisha kona ya mwisho kabla ya Kibumba, barabara ikajaa watu wanaoshuka. Magodoro, mbuzi, watoto wamefungwa migongoni. Nyuma yao, milio ya bunduki.

"Papa Chabani, geuza."

"Mama, imebaki kona moja."

"Geuza."

"Lakini umeona? Ilipanda."

"Nimeona. Geuza sasa."

Akageuza, mbuzi akaingia njiani, akakanyaga breki, injini ikazimika. Akawasha. Injini ilikuwa na moto wote, lakini ile batri ya mzungu ikasema tik. Akawasha tena. Tik. Dereva wa vita vyote akabaki na ufunguo mkononi, gari imekaa katikati ya barabara kama mgeni asiyejua kuaga.

Mwanamke mmoja, Émérance, alikuwa anapita na mama mkwe wake na watoto watatu. Akainama dirishani.

"Papa, hii inashuka?"

"Inashuka, kama mutasukuma."

Mama Kahindo alitoka, akafungua nyuma, akaitupa chumvi ya dada yake chini kando ya barabara. Sabuni ilibaki, maana huruma nayo ina kipimo. Watu wakasukuma. Na hapa tumpe mzungu haki yake: gari iliondoka upesi, kwa sababu ilikuwa nyepesi. Injini ikashika, na wakaingia ikiwa inatembea, kwenye mabati makavu pale kiti kilipokuwa, wengine wakining'inia mlangoni. Mama mkwe alitaka kuiacha sufuria yake ili asiwasumbue.

"Ingiza, mama," Papa Chabani akamwambia. "Kwa kushuka hakuna kilo."

Hiyo ndiyo siku pekee ambayo hakuhesabu kilo.

Kesho yake barabara ya Kibumba ilikuwa imefungwa na vita. Émérance na watu wake wako katika kiwanja chetu mpaka leo, na Mama Kahindo alikuja kwa heshima zake zote.

"Gari ilipanda," akasema. "Mi ni mutu wa neno. Kazi ya Kibumba iko yako."

Papa Chabani aliipokea kwa mikono miwili. Mwanaheri aliuliza kazi hiyo itapitia wapi.

Viazi vya Mama Kahindo sasa vinatoka Minova kwa mtumbwi, kupitia ziwani, na chakula cha nyumba ile kinatoka kwenye mandazi ya Mwanaheri. Mtu akimletea Papa Chabani kazi ya bandarini, anamshukuru, anamwambia yeye ni dereva wa njia ya Kibumba. Na mkimbizi mpya akiingia kiwanjani akaanza kueleza bunduki, nyumba zilizobaki wazi na watu waliopotea njiani, Papa Chabani humpa kigoda, humsikiliza mpaka mwisho, humpa pole. Kisha humuuliza kama ile kona ya mwisho bado imepanda vile vile.